Neno la Kushika Pua

Barua ya chifu ilikuwa kwa Kizungu, na kwa kuwa mimi niliacha shule darasa la saba, mdogo wangu ndiye aliyeisoma. Alikuwa na miaka kumi na miwili, msichana mwembamba wa darasa la sita. Nyumba yetu ya mabati pale Kitengela haikuwa na dirisha, kwa hiyo alisimama mlangoni penye mwanga, akaishika karatasi kwa mikono miwili kama wanavyofundishwa kusimama mbele ya darasa. Mdogo wetu wa mwisho, msichana pia, wa miaka sita, alikuwa ameketi juu ya debe akimenya karanga.

"Inasema nini?" nikamuuliza.

"Inasema tuende Kajiado, kwa ofisi ya watoto. Sisi wote watatu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatuna guardian."

"Hatuna nini?"

"Guardian. Ni mlezi. Mtu mkubwa wa kukaa na watoto."

"Na mimi ni nani?"

Akarudi kwenye karatasi, akaipitia tena kwa kidole kutoka juu hadi chini. "Hapo kwa mlezi hawajakuandika," akasema.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kitengela wakati huo ilikuwa maduka machache kando ya barabara ya Namanga, na nyuma ya maduka, nyika. Ng'ombe wa Wamaasai walivuka lami wakati wowote walipotaka, magari yakangoja. Ukisimama nyuma ya nyumba yetu asubuhi uliona nyumbu wakila nyasi karibu na mbuzi, na watu wanaokaa leo katika magorofa ya pale hawaniamini nikiwaambia hivyo. Baba alitutoa Ukambani tukiwa wadogo, akaja kuchonga mawe katika machimbo ambayo sote tuliyaita kwari. Alipofariki niliichukua nyundo yake na kibarua chake. Mama alimfuata baada ya mwaka na nusu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kitambulisho changu kilikuwa bado kinang'aa.

Ukoo ulikuwa umekaa na kuamua. Mdogo wangu huyu angeenda kwa baba mdogo, Machakos. Yule wa mwisho angeenda kwa shangazi, Makueni. Mimi ni mwanamume, nitafute maisha yangu. Hawakuwa watu wabaya. Kwetu watoto wa marehemu hugawanywa ili mzigo usimwangukie mtu mmoja, na hakuna anayeona ajabu. Lakini mama alipokuwa hospitalini aliniambia niwaweke pamoja, na mimi nilikuwa nimejibu ndiyo. Kwa hiyo baba mdogo alipokuja mara ya kwanza nilikataa, na alipokuja mara ya pili nilikataa tena, ndipo akaenda kwa chifu. Sasa ofisi ya Kajiado ndiyo ingesema kama wale wasichana wawili watakua pamoja au la.

Kesho yake nilimpelekea msimamizi wetu pale kwari ile barua. Alikuwa mzee Mluhya ambaye zamani alikuwa tarishi katika ofisi moja ya serikali, na mambo yote ya ofisi tulimuuliza yeye.

"Kijana," akaniambia, "mimi nimefungua mlango wa ofisi miaka kumi na moja. Najua nani anaingia na nani anangoja. Ukienda na Kiswahili utaambiwa ukae kwa benchi. Utakaa mpaka viatu vizeeke. Lakini ukiingia na Kizungu, hata kama ni neno moja, mtu anainua macho."

"Sina Kizungu, mzee."

"Si nimesema neno moja? Barua imesema watoto hawana nini?"

Nikalisema nilivyoweza.

"Basi beba hilo hilo. Wakikuuliza wewe ni nani, waambie ni hilo. Neno moja, lakini lisimame wima. Likiinama, watajua wewe ni mtu wa mawe."

Tulikuwa na wiki tatu. Jioni hiyo nikitoka kazini nilimwambia mdogo wangu anifundishe. Alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alifuta vumbi kwenye mlango wa bati, akaliandika neno kwa makaa, akachukua mwiko wa ugali uwe fimbo.

"Sema."

"Ngaandian."

"Sio ngaandian. Gaadian."

"Si ndivyo nimesema?"

"Kaka, umeweka n. Umeweka mbili, moja mbele na moja katikati."

Aliniita kaka kwa sababu vitabu vya shule viliandika hivyo. Kwetu watu huitana majina tu, lakini baada ya mama kufariki alianza neno hilo bila kuambiwa na mtu, na mimi sikumuuliza.

Zile n sikuzisikia. Sisi Wakamba ulimi wetu hauiachi g wala d iende peke yake. Lazima n iisindikize, kama mtoto mdogo anayetumwa dukani. Nilirudia mara kumi, na mara zote kumi n zilikuwa pale. Wa mwisho alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda akicheka kwenye blanketi.

"Na wewe uliziondoa vipi?" nikamuuliza mwalimu wangu.

Akaniambia jambo ambalo sikulijua. Darasa la nne walikuwa wakimcheka kila akisoma kwa sauti, mpaka akaacha kuinua mkono. Halafu akapata mafua. Pua ikaziba kabisa, mwalimu akamwambia asome, akasoma, na mwalimu akamsifu. Alifikiria jambo hilo njia nzima akirudi nyumbani. Akagundua kwamba n hupita puani, na pua ikiwa imefungwa haina njia. Tangu siku hiyo alikuwa akijibana pua chini ya dawati, kwa kujificha, akijaribu maneno moja moja, mpaka ulimi ukazoea na mkono ukaacha pua.

Mwaka huo wa darasa la nne mimi nilikuwa nimeshaanza kwari. Nilikuwa nikimwona anarudi shuleni kila siku, na kumbe hilo lote lilikuwa likiendelea.

"Bana pua," akasema.

Nikabana.

"Sema ga."

"Ga."

"Sema da."

"Da."

"Umeona? Sasa yote."

"Gaadian."

Lilitoka safi kama la redio, ila n ya mwisho ilizibika kidogo, nayo mwalimu akaisamehe. Niliachia pua, nikajaribu tena, na zile n zikarudi zote mbili pamoja.

Ndivyo tulivyokaa wiki tatu. Nilikuwa nikifika nyumbani na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, naosha uso na mikono kwenye karai, naketi juu ya debe, na somo linaanza kabla ya ugali. Dakika za mwisho alizitumia kunipa maneno mengine mawili ya kutangulia, "ai em," ambayo hayakuwa na shida. Wa mwisho alilijua lile neno siku ya kwanza, bila kushika chochote, na akawa analitamkia kuku wa jirani akiwaelekeza kwa kidole. Nikikosea alinitazama kwa huruma ya mtu mzima. Nikikumbuka nyumba ile sasa, ndizo jioni zinazonijia: sufuria imeanza kuimba kwenye jiko la makaa, mlango uko wazi, upepo wa nyika unaingia na harufu ya nyasi kavu, na mimi nimeketi na pua mkononi mbele ya mtoto mwenye mwiko.

Kwari nako habari ilienea. Saa nne tukinywa chai, kila mtu alitaka kulijaribu.

"Kaatian," akasema msimamizi.

"Mzee, hiyo yako imevaa koti," akasema Mjaluo mmoja aliyekuwa akipakia malori. "Sikieni mimi. Gaadian." Alilisema vizuri kweli, akazunguka nalo akitugawia kama mtu aliyepata mshahara. "Gaadian. Gaadian. Nyinyi mnasema kama mko na viazi moto."

"Bana pua, mzee," nikamwambia msimamizi.

Akabana. "Kaatian."

"Yako haiko kwa pua," akasema Mjaluo. "Yako iko kwa damu."

Siku moja tulikuwa wanne tumeshika pua kwa pamoja, tunarudia, alipopita mzee wa Kimaasai na mbuzi wake. Tukamwamkia, "Sopa," akajibu, "Ipa," akasimama akatutazama kwa muda, kisha akawapigia mbuzi mluzi, akaondoka nao kwa njia nyingine.

Nilikuwa nikilisema pia nikifanya kazi. Jiwe halipasuki kwa nguvu. Unatoboa vishimo vya mstari, unaweka kabari, unagonga moja kisha nyingine, polepole, ukisikiliza. Sauti ikibadilika unajua jiwe limekubali. Niligonga na kusema, nikagonga na kusema, lakini ulimi wangu haukubadilisha sauti. Siku tatu kabla ya safari nilimwambia mdogo wangu kwamba haitawezekana, tuende tu na Kiswahili chetu.

"Hapana," akasema. "Utashika pua kidogo tu. Kama mtu anajikuna. Hataona."

Tulikwenda kwa lori la mawe mpaka Isinya, na kutoka hapo tukapata lori lingine. Nilikuwa nimevaa koti la baba, mikono nimeikunja. Wasichana walivaa sare za shule kwa sababu ndizo zilizokuwa nguo zao nzuri. Wa mwisho alinishika kidole gumba njia yote, na kila lori liliporuka shimo nilisema lile neno moyoni.

Pale ofisini mambo hayakuwa kama msimamizi alivyosema. Hatukukalishwa benchini hata dakika kumi. Karani alituita kwa Kiswahili, tukaingia, na mama aliyekaa nyuma ya meza, Mmaasai wa makamo aliyefunga miwani yake kwa kamba ya shanga, akasema, "Karibuni. Leteni kiti kingine hapo." Nilikuwa nimejiandaa kwa Kizungu tangu mlangoni, na Kiswahili chake kilinikuta sina mahali pa kukiweka.

Alifungua faili. Akatutazama mmoja mmoja. Kisha akaniuliza, "Na wewe kijana ni nani kwa hawa watoto?"

Nikasimama. Sikujikuna. Nilibana pua kwa vidole viwili, imara, kama nilivyozoea nyumbani, nikayapita yale maneno mawili ya mbele kwa haraka, nikafika kwenye lenyewe.

"Gaadian."

Lilisimama wima. Sijawahi kulisema vizuri vile.

Yule mama alivuta pumzi kidogo kwa pua yake, akaangalia dirisha, akamwangalia karani. Karani akainua mguu akatazama chini ya kiatu chake.

"Ofisi yangu inanuka?" akaniuliza.

Nilitaka kumwambia hapana, madam. Lakini niliogopa kuachia pua kabla hajaelewa, maana angeniuliza tena na n zingerudi. Kwa hiyo nikasema hivyo hivyo nikiwa nimeibana, na kilichotoka ni, "Habada, badab."

Nilijua wakati huo kwamba nimewapoteza. Akilini nilimwona baba mdogo akimwongoza mmoja, shangazi akimwongoza mwingine. Jasho lilinitoka mgongoni ndani ya koti la baba, na mkono wangu ulikataa kushuka.

Mdogo wangu akasimama.

"Madam, si harufu. Ni neno."

"Neno gani?"

"Gaadian. Haliwezi bila kushika pua. Bila kushika anaweka n. Mimi ndiye nilimwambia ashike. Asamehewe, ni makosa ya mwalimu."

"Mwalimu ni nani?"

"Ni mimi."

Yule mama akavua miwani, ikaning'inia kwenye shanga zake. "Hebu sema bila kushika," akaniambia.

Nikashusha mkono. "Ngaandian."

Karani alicheka, akatazamwa, akaacha. Yule mama hakucheka. "Nimesikia," akasema. "Kaa chini." Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Mnafundishana lini?"

"Jioni. Akitoka kwari, kabla ya kula."

"Kila jioni?"

"Wiki tatu, kila jioni. Isipokuwa Jumapili, tunaenda kanisa halafu anafua."

"Nani anafua?"

"Yeye. Anafua nguo nzito, mimi nafua zile ndogo."

"Na kabla ya hizo wiki tatu, jioni mlikuwa mnafanya nini?"

"Homwaki. Anashika kitabu, mimi nasema kile nimesoma bila kuangalia."

"Faili inasema aliishia la saba. Kizungu chako anakijua?"

"Hajui kama nimekosa. Lakini nikisitasita anajua. Ananiambia nirudi nyuma."

Mama yule aliandika kwa muda. Akamwita wa mwisho aje karibu na meza, akamuuliza akianguka akaumia huenda kwa nani. Mtoto akafikiri, akatuonyesha kwa kidole kile kile cha kuku. "Huyu ananiosha. Huyu ananibeba."

"Baba yenu mdogo anasema huyu ataoa kesho halafu awatupe," akasema, sasa akinitazama mimi. "Utaoa?"

"Nitaoa, madam. Lakini si kesho."

"Na huyo bibi akifika aseme hawataki hawa?"

"Basi atakuwa hajafika kwetu. Atakuwa amepita tu."

Maneno hayo yalinitoka kwa Kiswahili, bila kufikiri, na n zake zote zilikuwa mahali pake. Aliyaandika pia. Kisha akasema tutoke nje kidogo. Tulisimama kwenye veranda, mdogo wangu akinikwangua doa la makaa kwenye mkono wa koti kwa ukucha. Tulipoitwa tena barua ilikuwa tayari, imepigwa muhuri. Tungebaki pamoja. Kila muhula ukiisha nilipaswa kupeleka ripoti za shule Kajiado, mpaka wa mwisho amalize darasa la nane.

Nilizipeleka. Miaka hiyo iliingia elfu mbili, Kitengela ikaota nyumba za mawe ambazo baadhi yake nayajua mawe yake, na ofisini mama yule akahamishwa, akaja mwingine, na mwingine. Nilioa, na mke wangu hakupita. Huyu mdogo wangu sasa ni mwalimu wa kweli, na nasikia katika darasa lake mtoto akichekwa kwa kusoma, darasa zima hushika pua. Mimi neno lile sijaliweza mpaka leo.

Lakini Jumamosi baada ya ile safari ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Baba mdogo alikuja kutoka Machakos kama ukoo ulivyokuwa umepanga, na alikuja na gunia tupu, limekunjwa vizuri chini ya kwapa, la kubebea nguo za wasichana. Tulimpa kiti na chai. Nikamwonyesha barua, akasema miwani ameiacha nyumbani, basi mdogo wangu akasimama mlangoni akaisoma, akitafsiri mstari kwa mstari. Alipofika kwenye lile neno alinyamaza, akanitazama.

"Ngaandian," nikasema. Mikono yangu ilikuwa kwenye magoti.

"Ngaandian," akasema baba mdogo, vilevile, bila shida, kama jina la mtu anayemjua. "Ndiyo nini?"

"Ndiyo mimi, baba."

Alikunywa chai mpaka ikaisha. "Mimi sikutaka kuwatenganisha," akasema. "Niliogopa watu watasema ndugu yangu amekufa na watoto nikawatupa kwa nyika."

"Tunajua, baba."

"Mama yenu alikuachia maneno?"

"Aliniachia."

"Ungeniambia."

"Sikuwa nimejua namna ya kuyasema."

Akatikisa kichwa polepole. Aliuliza habari za kazi, akaeleza ya mahindi, akambeba wa mwisho begani mpaka barabarani na kumrudisha. Alipoondoka mikono yake ilikuwa mitupu. Gunia lilikuwa bado juu ya kiti. Mdogo wangu alilichukua akakimbia nalo mpaka kona ya duka, akarudi nalo.

"Amesema tukae nalo," akasema.

Tulilikunjua, tukaliweka mlangoni la kupangusia miguu, na asubuhi nikienda kwari nililikanyaga nikiwaacha wawili hao bado wamelala, kichwa cha huyu miguuni pa huyu.